Malizia Mstari: Kisa cha Nesi Mpya Mwenye Mtoto wa Miezi Mitano

Kabla sijaanza

Kisa hiki kilitokea katika mji mmoja juu ya nyanda za Makonde, mkoani Mtwara. Mhusika ameridhia kiandikwe. Nimeondoa jina la hospitali, jina la kanisa, mwaka, na kila kitu kinachoweza kumtambulisha yeye au wagonjwa wake. Nitamwita Mama Neema, ingawa hana mtoto wa jina hilo.

Mimi ni mkunga mstaafu. Sasa nipo katika umoja wa akina mama kanisani, na kwa sababu ya kazi niliyoifanya, mabinti na akina mama wanaoanza uuguzi huletwa kwangu "niwatie moyo". Mambo kadhaa yaliyoharibika hapa niliyaharibu mimi, kwa hiyo msomaji asinichukulie kama mtazamaji wa pembeni.

Alikotoka

Mama Neema alimaliza kidato cha nne na D katika Kemia, Baiolojia na Fizikia. Zilimtosha kuomba stashahada ya uuguzi, lakini hakuna aliyemwambia. Akaolewa, akazaa wawili, akakaanga vitumbua karibu na stendi kwa miaka sita. Nesi mmoja, mteja wake wa kila asubuhi, ndiye aliyemuuliza siku moja alipata nini kwenye Kemia.

Alisoma miaka mitatu. Ada ya miaka miwili ya kwanza ilitoka kwenye korosho za mumewe. Mwaka wa tatu mambo yakaenda mrama: bei ya mnadani ilishuka, malipo kupitia chama cha ushirika yakachelewa, na chuo hakikuwa tayari kusubiri. Kanisa likachanga. Nakumbuka Jumapili ile: bakuli lilizunguka mara mbili, mzee mmoja akatoa jogoo, vigelegele vikapigwa, na Mama Neema akasimama mbele analia. Tukamwita "nesi wetu" tangu siku hiyo, na tulikuwa wepesi wa kumkumbusha.

Mtoto wa tatu alizaliwa baada ya mtihani wa mwisho. Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ilipotoka, hospitali ya kanisa iliyo karibu ikampa mkataba, wodi ya wazazi. Alianza mwezi wa kumi, mtoto akiwa na miezi mitano. Tulimfanyia sherehe ndogo, tukampa doti ya kanga yenye maneno "Subira yavuta heri".

Mwezi wa kumi huku kwetu

Asiyeujua mkoa huu anaweza asione tatizo la tarehe hiyo. Mwezi wa kumi hadi wa kumi na mbili korosho zinaanguka. Kila mwenye mikono yuko shambani. Mume wa Mama Neema alihamia kibandani shambani, mama mkwe naye akaenda, na dada wa kazi, baada ya wiki mbili, akaaga: kuokota korosho kunalipa kuliko kubeba mtoto wa mtu. Sikumlaumu.

Halafu kuna maji. Nyanda zile ziko juu na mito iko chini bondeni. Bomba hutoka kwa mgao, na mwezi wa kumi ndio mwisho wa kiangazi, matangi ya maji ya mvua yamebaki na tope. Mama Neema alikuwa akiamka saa 10 alfajiri kupanga foleni ya dumu mbili, kisha anaogesha watoto, anapika uji, ananyonyesha, anatembea dakika ishirini na tano kwenda kazini kabla ya saa 1:30.

Hayo yote alikuwa anayamudu mpaka rosta ilipompa zamu ya usiku, siku saba mfululizo, kuanzia saa 2:30 usiku hadi saa 1:30 asubuhi.

Tulichomwambia

Alikuja kwangu jioni moja kabla hajaanza usiku huo. Hakulalamika. Aliniuliza tu, "Mama, ulikuwa unafanyaje na maziwa?"

Nikamjibu haraka haraka, "Kamua uache, mwanangu."

Nesi gani anasema hivyo bila kuhesabu saa? Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa takriban saa nne penye joto lisilozidi nyuzi 25, na nyumba ya bati mwezi wa kumi haijui nyuzi 25. Yeye angekuwa nje ya nyumba karibu saa kumi na mbili. Friji hana. Friji la wodini ni la dawa na la kliniki ni la chanjo. Niliyajua yote haya kichwani, na bado nikatoa jibu la mtu aliyestaafu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe anayenyonyesha muda wa kunyonyesha ndani ya saa za kazi, hadi jumla ya saa mbili kwa siku. Hilo nalo sikumwambia. Halikunijia hata akilini. Enzi zetu tulikamua kwenye sinki tukamwaga.

Jumapili akaomba maombi. Akaombewa kwa nguvu. Kisha kiongozi wetu akamsomea Mithali 31:15, "Tena huamka, kabla haujaisha usiku," akafunga Biblia, akasema, "Unaona, mwanangu? Mwanamke wa Mungu halali." Tukasema amina. Nami nilisema.

Usiku wa sita

Wodi ilikuwa na akina mama kumi na wanne na watoto wachanga wawili waliokuwa kwenye ampisilini na jentamaisini, sindano za kuua bakteria. Mama zao walikuwa na jina moja, jina ambalo ukiliita sokoni kwetu wanageuka watano. Kadi ziliandikwa "mtoto wa" fulani, basi.

Mmoja alikuwa amechomwa saa 6 usiku. Dozi ya mwenzake ilikuwa saa 11 alfajiri. Saa 11 Mama Neema alivuta dawa, akasoma kadi, akaenda kwenye kitanda kisicho chake. Alikuwa ameshashika kanula ya mtoto, kile kibomba cha mshipani cha kupitishia dawa, pale mama alipoinuka kwa kiwiko na kusema, "Nesi, wangu ameshachomwa."

Akasimama. Akarudi mezani, akasoma kadi zote mbili kwa sauti, akagundua. Hakuna mtoto aliyedhurika. Lakini kila aliyefanya kazi hii anajua jentamaisini ikizidi inaweza kufanya nini kwenye figo na masikio ya mtoto mchanga. Chuoni tulifundishwa haki tano: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, muda sahihi. Usiku ule ya kwanza ilikuwa imeshapotea na ya tano ilikuwa inafuata.

Maamuzi yake mawili

La kwanza lilikuwa jema kuliko yote katika kisa hiki. Asubuhi, wakati wa kukabidhiana zamu, aliandika tukio zima kwenye daftari la ripoti na kulisema mbele ya wenzake. Hakuna aliyekuwa ameliona zaidi ya yule mama. Angeweza kunyamaza. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakunyamaza, alisema yule mama alikuwa amelala macho wazi mpaka kulipokucha, anamtazama mtoto wake, na yeye hakuweza kutoka wodini na jambo lile likiwa bado mikononi mwake.

La pili ni barua ya kuacha kazi. Aliandika usiku uliofuata, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia. Hakuipeleka kwa matroni, mkuu wa wauguzi, mara moja kwa sababu moja tu, nayo ni ya kusikitisha: alikuwa anapiga hesabu ya mchango wetu. "Nilikuwa nafikiria nitawarudishia vipi," aliniambia. "Yule mzee wa jogoo bado namwona."

Maombi yaliyovuja

Alhamisi, kwenye jumuiya, aliomba aombewe kwa sababu "nusura nimchome mtoto wa mtu". Hakutaja jina la mgonjwa. Lakini aliyekuwa anaandika mahitaji ya maombi akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la akina mama, kwa nia njema kabisa, na kwenye kundi lile kuna shangazi wa mmoja wa wazazi waliokuwa wodini. Jumamosi sokoni habari ikawa "nesi wa kanisani alitaka kuua".

Hapa ndipo mambo yalipokaribia kuharibika moja kwa moja. Uongozi wa hospitali ulikuwa umepokea taarifa yake vizuri. Sasa walikuwa na ndugu wenye hasira mlangoni na nesi aliyeonekana kama ametangaza habari za wodi nje. Aliitwa kujieleza. Mumewe alitoka shamba usiku kwa bodaboda, na badala ya kumfariji akaanza na lile lililomkaa rohoni siku nyingi, kwamba hata watu wanamuuliza mke gani analala nje wiki nzima.

Bibi

Nilipopata habari ya barua nilikwenda nyumbani kwake na akina mama watatu. Katika hao alikuwemo bibi mmoja wa kanisani, amepita miaka sabini, hajui kusoma, ila amesikiliza Biblia ikisomwa tangu utoto kwenye shule ya misheni aliyokuwa akichungulia dirishani. Kiongozi wetu akaanza tena na Mithali 31. "Tena huamka, kabla haujaisha usiku..."

"Malizia mstari," bibi akasema.

"'Huwapa watu wa nyumbani mwake chakula.'"

"Malizia."

Akasoma, "'Na wajakazi wake sehemu zao.'"

Bibi akageuka akatutazama sote, mmoja mmoja. "Kumbe alikuwa na wajakazi. Wa huyu wako wapi?"

Nimesikiliza mahubiri mengi juu ya sura ile, siku za harusi, siku za akina mama. Sikumbuki mhubiri aliyefika kwenye wajakazi.

Mama Neema alicheka, mara ya kwanza kwa siku nyingi, kisha akalia, na tukamwacha alie. Baadaye bibi akamwambia habari ya nabii Eliya chini ya mti wa mretemu, alipoomba afe. Kwa namna alivyoisimulia, malaika hakumkemea wala hakumhubiria. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akarudi mara ya pili na kusema safari hii ni kubwa mno kwako. "Basi mwanangu kalale," bibi akasema. "Huyu mtoto ninaye mimi." Akalala saa sita mchana ule. Tukaosha vyombo.

Mpango

Tulipanga mambo matatu siku hiyo, kwenye karatasi ya daftari la binti yake mkubwa. Maji: akina mama watatu kwa zamu, dumu mbili mlangoni kabla ya saa 11 alfajiri, siku anazoingia asubuhi. Usiku: nesi mwenzake anayeishi nyumba za watumishi, hatua chache kutoka wodini, alikubali mtoto na mlezi walale kwake siku za zamu ya usiku, ili mama atoke saa 7 usiku kunyonyesha. Mlezi: hapa nilipata aibu ya aina yake. Tulipokuwa tunajadili nani, Mama Neema akasema mlezi yupo. Jirani yake, mama Mwislamu, alikuwa ameshika mtoto zile usiku zote bila kuombwa mara mbili na bila kusema neno lolote la kutia moyo. Sisi hatukujua. Hatukuwa tumeuliza. Tukaafikiana kwamba alipwe kidogo kila mwisho wa mwezi, na mwezi wa kwanza ukatoka kwenye mfuko wa umoja.

Jumatatu nilikwenda na Mama Neema kwa matroni. Matroni alisikiliza, akasema, "Mama, humu wote ni akina mama." Alikuwa sahihi. Rosta ni kama shuka fupi, ukivuta huku miguu ya mwingine inabaki nje. Sikutaja kifungu cha sheria kwanza. Nilimuuliza ni zamu ipi haitakiwi na mtu. Akasema Jumapili asubuhi. Kwa hiyo tulibadilishana: Mama Neema achukue Jumapili mbili kwa mwezi, na usiku wake usizidi siku tatu mfululizo mpaka mtoto afikishe mwaka. Ndipo nikataja saa mbili za kunyonyesha, na kusema kwamba ni haki ya wauguzi wengine wawili pale wodini pia. Matroni aliitoa kona ya stoo ya mashuka. Haikuwa na mlango. Ile kanga ya "Subira yavuta heri" ndiyo ikawa pazia.

Upande wa dawa, wodi ilibadilisha kadi: majina matatu ya mama, namba ya kitanda, na utepe kwenye mguu wa mtoto. Hilo lilitokana na daftari la ripoti, na lingekuja hata kama sisi wa kanisani tusingekuwepo.

Ilivyokuwa baadaye

Barua haikupelekwa. Maelezo yake kwa uongozi yalikubaliwa, kwa sababu ripoti yake ya asubuhi ile ilitangulia uvumi kwa siku tano. Maziwa yalikuwa yamepungua. Yaliongezeka kidogo, na kwenye kadi ya kliniki uzito wa mtoto ulikaa palepale mwezi mmoja kabla ya kupanda tena. Alipofika miezi sita akaanza uji wa nyongeza.

Zamu ya maji ilidumu wiki saba. Mvua za mwezi wa kumi na mbili zilipojaza matangi, nayo ikafa yenyewe, na hakuna aliyeiulizia. Mama mmoja kati ya wale watatu alikuwa ameshajitoa mapema, akisema anayepata mshahara amwajiri mchota maji. Naelewa kwa nini alisema. Mshahara wa kwanza wenyewe ulikuwa umeshagawanywa kwa madeni kabla haujafika.

Jumapili zikaleta maneno: "Tulimsomesha, sasa hata ibadani hatumwoni." Padri ndiye aliyeyakata. Alianzisha ibada fupi hospitalini kila Jumatano saa 8:45 mchana, zamu zinapopishana, na kwenye matangazo akasema wazi kwamba nesi akiwa wodini Jumapili hajakosa kanisa. Wahudhuriaji huwa sita, saba.

Nikitazama nyuma

Kosa letu kubwa silioni kwenye Mithali 31. Naliona kwenye bakuli lililozunguka mara mbili. Tulimchangia, na ule mchango ukamfunga mdomo. Mtu anayedaiwa shukrani hawezi kusema "nimechoka" mbele ya wanaomdai. Atasema "Bwana asifiwe, naendelea vizuri". Tulikuwa tunamuuliza hali mlangoni mwa kanisa, mbele ya watu ishirini, halafu tunaamini jibu. Tangu hapo, kwa akina mama wawili wengine tuliowachangia, padri aliwaandikia kwa maneno machache kwamba ile ni sadaka na imekwisha. Mmoja wao aliniambia aliisoma akakaa chini.

Maombi yenyewe siyalaumu. Nalaumu jinsi tulivyoyabeba. Nesi anapoomba kuombewa kuhusu kazi, kuna mtu wa tatu ambaye hayupo pale na hakuridhia kutajwa. Hata bila jina, mji wetu ni mdogo: ukisema wodi, usiku na dawa, umeshasema nani. Sasa ninawaambia mabinti waombe hivi: "Niombeeni, wiki ilikuwa nzito." Mungu anajua iliyobaki. Anayehitaji kusema zaidi aje kwangu au aende kwa kiongozi wake wa wodi, na kundi la WhatsApp libaki kwa matangazo ya misiba na vikao.

Neno lililomshika, kwa kauli yake mwenyewe, ni Isaya 40:11, pale mchungaji anapobeba wana-kondoo kifuani, "nao wanyonyeshao atawaongoza polepole". Alikuwa amelisikia mara nyingi akilidhania la kondoo tu. Aliniambia lilimpa ruhusa ya kutembea kwa mwendo wake, na ndilo lililomfanya athubutu kuingia ofisini kwa matroni. Ila na mimi nimejiuliza: angeweza kulisikia lile neno wiki mbili kabla, wakati hajalala na ndoo ziko tupu? Sidhani. Alilisikia baada ya ule usingizi wa saa sita.

Kuhusu mumewe, tulichelewa. Tulimwendea baada ya magomvi, tukiwa akina mama watupu, na hakuna mwanamume anayependa hivyo. Ilibidi mzee wa jogoo aende naye shambani siku nzima, waokote korosho pamoja, ndipo akakubali kwenda kuiona wodi. Alikaa kwenye benchi la nje nusu saa jioni moja, akasikia wanawake wanavyolia leba, akarudi nyumbani kimya. Neno la "kulala nje" halijasikika tena, angalau si mdomoni mwake.

Lipo jambo ambalo mpango wetu haukuligusa kabisa. Wakati sisi tunahesabu dumu na saa za kunyonyesha, binti yake mkubwa wa miaka tisa ndiye aliyekuwa akimbeba mdogo wake kila alasiri mpaka mama anapoamka. Muhula ule alishuka darasani kutoka nafasi ya nne hadi ya thelathini na moja. Tuliandika mpango mzima kwenye ukurasa wa daftari lake la Hisabati, na hakuna kati yetu aliyegeuza ukurasa kuona kwamba kazi ya wiki mbili haikuwa imefanywa. Siku hizi huja kwangu baada ya shule, Jumatatu na Alhamisi. Bado hajarudi pale alipokuwa.